TAHADHARI: Wenye kompresa Dodoma, muogopeni huyu muuza oili wa Sabasaba

Wa gereji, wa pancha, wa kupiga rangi, someni hii kabla hamjanunua oili ya kompresa maeneo ya Sabasaba. Nina hasira hata kuandika nashindwa.

Ile kompresa ya marehemu mzee mnaijua, chuma kitupu, ya mkanda. Muda wa kubadilisha oili ulifika nikaenda kutafuta. Jamaa akanipokea kwa "mbukwa", salamu yetu ya Kigogo, nikaitikia, nikajua nipo nyumbani. Sijasema kitu akauliza: "Ya pistoni? Ina kioo cha oili au kijiti?" Mtu anayeuliza hivyo utamuita tapeli? Akaniambia mwenyewe kwamba kompresa ya zamani haitaki oili ya injini, inataka ya kompresa, VG 100 (hicho ni kipimo cha uzito wa oili), isiyo na dawa za kusafisha. Na hapo alisema kweli tupu! Oili ya injini ina dawa za kufanya uchafu uelee mpaka filta iunase. Kompresa zetu hizi hazina filta ya oili, uchafu na maji vinatakiwa vitulie chini uvimwage unapobadilisha. Yaani kanifundisha somo sahihi, halafu kaniibia kwa somo hilo hilo.

Akashusha dumu la lita 5 rafuni, akafungua mbele yangu, akanidondoshea kiganjani. Safi, unaona mistari ya mkono. "Sugua, mzee wangu, sikia utelezi." Nikasugua. Akasema hili limeshafunguliwa, ngoja nikuletee zima, akapotelea nyuma ya pazia. Akarudi na dumu la sura ile ile, stika ile ile, tayari limo kwenye mfuko mweusi na fundo juu. Nikalipa 65,000. Na nikamwombea baraka za biashara, jamani! Mke wangu bado ananicheka kwa hilo.

Nimemimina jioni, taa hafifu, sikuona rangi yake. Kesho yake povu limejaa kwenye kioo. Haikupita wiki, ndipo yakatokea ya gari la mama mchungaji, Noah niliyokuwa naipiga rangi: oili inapanda na upepo, rangi inatoka vishimo vishimo boneti nzima. Nimekwangua na kupiga upya kwa hela yangu. Fundi kufungua kichwa, valvu zimegandiwa na masizi. Akasema masizi yale yakishika moto kwenye bomba la kwenda tangini, ni mlipuko. Oili ya chini nyeusi tii, inanuka kuungua. Yeye anaamini ni oili chafu ya magari iliyochujwa ikaongezewa mpya kidogo.

Nikamrudia muuza oili. Mbele ya wateja wake ananijibu, "Mzee, kompresa yako imechoka tu."

Huyu duka lifungwe! Atozwe faini, alipe Noah, alipe ringi na valvu zangu, na gereza la Isanga si mbali, akapumzike huko. Vijana wanajaza matairi kwa mashine hizi wamesimama kando ya tangi, likipasuka atawalipa nini wazazi wao?

Haya, dalili, maana mtaniuliza. Mfuniko ulizunguka bila ule mkanda wa plastiki kukatika. Stika imevimba pembeni. Jina lililotokea kwenye lipa namba si la duka, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, eti mashine mbovu leo. Ukionjeshwa oili ya dumu moja ukapewa jingine, lifungue hapo hapo dukani, mchana, umimine kidogo kwenye chupa nyeupe.

Dumu na oili iliyobaki ninavyo. Napeleka FCC, Tume ya Ushindani, wao ndio wanashughulika na bidhaa bandia. Mwenye dumu kama hili, stika ya bluu yenye picha ya kompresa, asilitupe, aje nalo gereji twende pamoja.