RTX 4060 na GTX 1060 mezani: kadi imepanda bei au mfuko ndio umesinyaa?

Aya wakuu, karibuni tena. Leo nina kadi mbili za picha za Nvidia hapa mezani, zile zinazoipa kompyuta nguvu ya gemu, hii yenye vumbi ni GTX 1060 yenye memori ya giga 6, nimeishi nayo miaka na miaka, na hii nyingine ni RTX 4060 ya giga 8. Nilitaka nifanye ile video ya kawaida, fremu ngapi, yaani picha ngapi kwa sekunde, kwenye gemu gani, joto, kelele za feni, basi tunaagana. Ila nikisoma komenti zenu naona watu hawaulizi fremu tena, wanauliza "kaka, hela naitoa wapi". Sawa, leo tunapima kadi pamoja na mfuko.

Tuanze na bei maana hapo ndo tunadanganyana sana. 1060 ilitoka Julai 2016 kwa dola 249, 4060 ikatoka Juni 2023 kwa dola 299. Ukitazama harakaharaka unasema wezi hawa, wamepandisha. Sasa ichukue ile 249 uisogeze kwa mfumuko wa bei wa Marekani, si bei zenyewe wanatangazia kule, inakuja kama dola 315 za 2023. Yaani kwa thamani ya hela 4060 ilitoka kwa bei ya chini kuliko 1060. Nilirudia hesabu mara mbili, sikuamini.

Mbona sasa inauma zaidi? Inauma kwa sababu kadi huinunui na mshahara, unainunua na kile kinachobaki ukishalipa kodi ya nyumba, umeme, nauli, ada ya mtoto. Tupige hesabu ya kitoto hapa. Una 100, mahitaji yanakula 90, inabaki 10, hiyo 10 ndo ya gemu. Mwaka unaofuata mahitaji yamepanda kwa 10%, sasa ni 99, bosi naye amekuongeza 3% umefurahi una 103. Umebakiwa na 4. Mshahara umepanda, hela ya gemu imepungua kwa 60%, na hapo kadi haijagusa bei hata senti. Afu hizo namba sijazitoa hewani, mfumuko Marekani ulifika 9.1% Juni 2022, Uingereza 11.1% Oktoba ya mwaka huohuo. Na mwenye nyumba hasubiri, kadi inasubiri, we mwenyewe unajua nani analipwa kwanza.

Ndo maana mwishoni mwa 2022 soko liliporomoka. IDC, kampuni ya utafiti wa soko, walihesabu kompyuta zilizosafirishwa robo ya mwisho ya mwaka ule zimeshuka kama 28% ukilinganisha na mwaka uliotangulia. Mapato ya Nvidia upande wa gemu, robo iliyoishia Oktoba 2022, yalianguka 51%, yakabaki dola bilioni 1.57. Ila tuwe wakweli, anayekwambia hiyo yote ni maisha magumu anakupa nusu ya habari. Watu walikuwa wameshanunua 2020 na 2021 walipofungiwa ndani, halafu tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum, ile sarafu ya kidijitali, ikaacha mfumo wa kuchimba sarafu kwa kutumia kadi hizi, wachimbaji wakamwaga kadi zao sokoni za kutosha. Vyote vilikutana kipindi kimoja.

Lakini kuna kitu kimoja kinanionyesha maisha magumu waziwazi kuliko ripoti zote hizo. Hii 1060 ilikaa namba moja kwenye takwimu za Steam, lile duka la gemu za kompyuta, kwa miaka, kadi yenye watu wengi kuliko zote. Ilipokuja kung'olewa mwishoni mwa 2022, unadhani iling'olewa na nani? Siyo RTX 3060, ile ya kizazi kilichotangulia 4060, siyo kitu kipya chochote, ni GTX 1650, kadi ya 2019 iliyotoka kwa dola 149, tena kwa nguvu iko chini ya 1060 yenyewe. Watu hawakupanda ngazi wakuu, kiti kilichukuliwa na kadi ya bei nafuu zaidi.

Haya, kadi yenyewe. 4060 ni nzuri, sitaki kujifanya nailaumu kwa kila kitu. Kwa 1080p, yaani skrini ya kawaida ya Full HD, na hiyo ndo ya wengi wetu bado, inaiacha 1060 mbali sana, zaidi ya mara mbili, na inakula wati 115 tu wakati 1060 inakula 120. Hiyo ya umeme msiichukulie poa. Kuna kadi huko juu, RTX 5090, inakula wati 575 peke yake, ukiiweka hiyo lazima na pawa saplai ubadilishe na bili uijibu kila mwezi. Hii 4060 unaichomeka kwenye pawa saplai yako ya zamani, maisha yanaendelea.

Kinachonikera ni walichokitoa ndani. Si unajua ule mchezo wa sabuni, bei ileile, karatasi ileile, mche umekuwa mwembamba? Chipu ya 1060 ilikuwa na eneo la milimita za mraba 200, ya 3060 ikawa 276, ya 4060 ni 159. Njia ya memori kwenye 1060 na 3060 ni biti 192, huku wamekata hadi 128. Na 3060 ilikuja na giga 12, mrithi wake akaja na 8. Sawa, teknolojia mpya inabana mengi kwenye eneo dogo na wameongeza kashe, ile memori ndogo ya haraka ndani ya chipu, kwa 1080p inaipita 3060 kwa kama 20%, lakini ukipandisha tekscha, yaani ubora wa sura za vitu kwenye gemu, hadi giga 8 zijae unaanza kuona mikwaruzo, gemu inashtukashtuka, na hapo ile 3060 "ya kizamani" inaenda zake taratibu bila wasiwasi. Mtu anayebadilisha kadi kila mwaka hilo halimsumbui, ila anayenunua leo akijua hatanunua tena hadi miaka sita ipite, giga 8 ni kitanzi.

Huko juu nako kulikuwa na kituko. RTX 3080 ilitoka 2020 kwa dola 699, RTX 4080 ikaja Novemba 2022 kwa dola 1,199. Wakati watu wanahesabu bili! Wakaja na nyingine waliyoiita 4080 ya giga 12 kwa 899, kelele zikawa nyingi wakaifuta kabla haijafika sokoni, Januari 2023 ikarudi kama 4070 Ti kwa 799, kadi ileile, na jina likawa na adabu kidogo. Na 4080 yenyewe mauzo yalivyosuasua, Januari 2024 ikaja 4080 Super kwa 999. Kwa hiyo ule msemo wa kwamba sisi kugoma hakusaidii, mi sikubaliani nao, dola 200 zilishuka.

Ila sidhani kama mgomo ule utafanya kazi tena vilevile, na hapa naomba mnisikilize. Zamani mahitaji yakishuka muuzaji anashusha bei, hana pa kupeleka mzigo. Mwaka wa fedha wa Nvidia ulioisha Januari 2025, mapato yote yalikuwa kama dola bilioni 130, vituo vya data peke yake zaidi ya 115, gemu kama 11. Sisi tumekuwa mteja wa pembeni. Tusiponunua, wanapeleka uwezo wa kiwanda kwenye AI na wanauza kwa bei kubwa zaidi. Ramu ndo imetuonyesha vizuri, mwishoni mwa 2025 bei za DDR5, ramu za kizazi kipya, zilipanda zaidi ya maradufu ndani ya miezi michache kwa sababu hiyohiyo ya AI, na Desemba Micron, watengenezaji wa ramu, wakatangaza wanaacha kuuza chapa yao ya Crucial kwa watu wa kawaida. Mnunuzi maskini kapata mshindani tajiri, na hiyo hata ukibana matumizi vipi huitatui.

Kwa hiyo wengi tumeenda mtumbani, na mimi pia. Kabla ya hii niliuziwa 3060 na jamaa mmoja, picha safi, maneno matamu, nikaiwasha ikafanya kazi siku mbili, ya tatu skrini nyeusi. Nilipoifungua pasta ya joto ilikuwa imekauka kama chaki na pedi moja haipo kabisa. Kosa langu, sikuomba kuiona ikifanya kazi chini ya mzigo, nilimwona anafungua Windows nikaridhika. Muulize muuzaji akuwashie gemu nzito nusu saa ukiwa umekaa pale, akikataa ondoka.

Nani anunue 4060 basi? Kama una 1060 na unacheza zile gemu za mashindano tu, usinunue. Washa FSR, ule ujanja wa gemu kuchorwa kwa ukubwa mdogo halafu kukuzwa ili fremu ziongezeke, hiyo AMD, wapinzani wa Nvidia, waliifungua 2021 na inakubali hata kadi hizi za Nvidia za zamani, punguza vivuli, endelea. Kama madabodi yako ni AM4, soketi ya prosesa za AMD, na prosesa ni Ryzen ya mwanzo, hela yako ianzie hapo, sasisha BIOS, ile programu ya ndani ya bodi, ukiangalia kwanza kama bodi yako inakubali, weka Ryzen 5 5600, ramu unabaki nayo ileile ya DDR4, utashangaa ile 1060 ilikuwa imebanwa kiasi gani. Ila kama unataka gemu kama Indiana Jones and the Great Circle au Doom: The Dark Ages, hizo zinadai ray tracing, ile hesabu ya miale ya mwanga, ya kwenye chipu, 1060 haina, hapo hamna ujanja. Na draiva za gemu kwa kizazi hicho Nvidia walizifunga Oktoba 2025, zimebaki za usalama tu hadi Oktoba 2028. Wa namna hiyo ndo namwambia atafute 3060 ya giga 12 iliyopimwa vizuri kwanza, akiikosa ndo aje kwenye 4060, na asiilipe bei ya siku ilipotoka.

Mimi 4060 naibakiza kwa sababu ya umeme na kelele, basi. Ile 1060 siiuzi, mdogo wangu ameshaiwekea nafasi kwenye PC yake, jana alikuja kuichungulia akaanza kulalamika feni inalia. Nimempa brashi.