Uzoefu wangu na kabati la jikoni la aluminiamu, na mambo ya kumwambia fundi kabla hajakata

Kwa anayejiuliza achonge kabati la jikoni la MDF au la aluminiamu, mi nimetumia yote mawili kwenye jiko hilohilo, nyumba hiyohiyo, Dar huku Tabata, kwa hiyo naomba niseme nilichokiona maana hela ya kabati siyo ndogo na likishafungwa ukutani kulitoa ni kazi nyingine.

Nianze na la MDF maana ndo lililonifikisha kwenye aluminiamu. Lilikuja zuri sana, jeupe linang'aa, kila aliyeingia jikoni alilisifia. Masika ya kwanza tu ubao wa chini ya sinki ukaanza kuumuka kama andazi, mlango ukawa haufungi, ukiubana unarudi. MDF ni nyuzi za mbao zilizosagwa zikachanganywa na gundi zikakandamizwa, juu wanabandika ile ngozi ya plastiki ndo inayozuia maji, sasa fundi akija kutoboa tundu la bomba la sinki pale alipotoboa hapana ngozi, maji yanapita hapohapo, na sinki la nyumba yenye watu halikosi kudondosha hata kidogo. Na ukishavimba haurudi hata ukianika juani wiki nzima. Halafu zile nyufa ndo nyumba ya mende wale wadogo wadogo wa kahawia, na mende wa aina ile jike anatembea na kifuko chake cha mayai 30 mpaka 40 mpaka yakaribie kuanguliwa, asa ukipuliza dawa leo unaona umemaliza, baada ya muda wanatoka wengine watoto, unaanza upya.

Basi nikang'oa. Mume wangu alitaka turudie mbao ngumu, mninga, na kiukweli mninga ni mzuri sana na unadumu, sema bei yake ilitushinda, ndo tukaenda kwa mafundi wa aluminiamu, wale wanaotengeneza madirisha na milango. Kabati lao lina fremu ya profaili, yaani zile fimbo ndefu za aluminiamu zenye uwazi ndani, kuta na milango wanaweka alukobondi, yaani bati mbili nyembamba za aluminiamu katikati kuna plastiki, au wanaweka kioo ukitaka. Mi nilichukua alukobondi rangi ya kahawa ya maziwa, milango miwili ya juu tu ndo kioo cha ukungu. Wanapiga bei kwa mita ya urefu, la chini bei yake na la juu bei yake, uliza hilo mapema maana wengine wanakutajia bei ya la chini tu ukadhani ni vyote. Mimi jumla ilinifikisha milioni moja na laki sita na kufunga, bila sinki na bila kaunta.

Sasa jambo kubwa nililolipata kwenye hii kazi, na ndo sababu hasa ya kuandika yote haya: usimwache fundi achore kabla hujatoa vyombo vyako vyote ukavipanga sakafuni. Vyote. Masufuria, mabeseni, hotpoti, ndoo ya unga, blenda, sinia la biriani. Fundi anakuja na vipimo alivyovizoea, kaunta sentimita 90 kwenda juu, 60 kwenda ndani, rafu moja katikati, basi. Hivyo vipimo vimewekwa kwa ajili ya mtu anayekata kitunguu na kukaanga yai amesimama. Sisi tunasonga ugali.

Hebu fikiria. Kaunta sentimita 90, juu yake unaweka jiko la gesi la pleti mbili lenye kimo chake, juu yake sufuria kubwa la ugali wa watu wa nyumba nzima, halafu ushike mwiko kwa juu. Mkono unakuja usawa wa bega! Unasonga huku umeinua kiwiko kama mtu anayepiga makasia, ugali hauivi vizuri maana nguvu haishuki, bega linauma, na mvuke wote unakuja usoni. Dada anayenisaidia nyumbani ni mfupi kuliko mimi, yeye alikuwa anashusha sufuria sakafuni anamalizia kusongea chini, moto kabisa ule, na mtoto anazunguka hapo. Kwa hiyo safari hii nikamwambia fundi upande wa jiko ushuke uwe sentimita 70, upande wa sinki ubaki 90. Akaniambia, "Mama, itaonekana imekatika, haitapendeza." Nikamwambia fundi wangu, wewe shusha tu. Akashusha. Leo mwiko unasimama usawa wa kiuno, unasonga kwa uzito wa mwili siyo kwa bega, na huo upande wa chini jiko likitolewa ndo pa kukandia chapati na kusukumia, maana kusukuma chapati nako kunataka meza ya chini. Kila mgeni anayeingia kusaidia kupika anaulizia hiyo kitu. Kama ningetakiwa kuchagua jambo moja tu kwenye jiko zima ningechagua hilo.

La pili ni mtungi wa gesi. Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania tuwe tunapikia nishati safi, na mitaani ukiangalia watu wamehamia gesi kweli, lakini mafundi wengi bado wanachora kabati kama vile mtungi hautakuwepo, au wanakutengenezea kibanda cha kuuficha kinabana kila upande na mlango juu yake. Usikubali. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu ikatoka dirishani, inashuka inatulia chini, sasa ukiifungia ndani ya kabati inajaa humo inasubiri cheche. Mi chumba cha mtungi nimekiacha wazi bila mlango, pana kapazia tu, na chini kabisa ukutani tukatoboa tundu la hewa linalotoka nje tukaweka wavu wa panya asipite. Ukiweza mtungi ukae nje kabisa, mpira upite ukutani, ndo bora zaidi. Na pima kimo cha mtungi wako ukiwa na regyuleta yake juu, maana wengine wanapima mtungi wa kilo 6 halafu baadaye wananunua wa kilo 15 hauingii. Kila nikibadilisha mtungi napaka povu la sabuni kwenye maungio, likitoa mapovu nafunga siwashi.

Ndani nimeomba droo mbili kubwa za chini kwa ajili ya masufuria badala ya rafu. Hili ni la gharama zaidi kwa sababu ya reli, ila droo unaivuta unaona kila kitu mpaka cha nyuma kabisa, rafu ya chini inakutaka upige magoti uchomoe sufuria saba upate moja. Chagua reli nzito, zile nyepesi za droo za nguo zikibebeshwa masufuria ya chuma zinapinda. Vifuniko nimevisimamisha pembeni kwenye kirafu cha waya cha kukaushia sahani, cha zamani, sikununua kipya. Vyombo vya wageni viko juu kabisa, hotpoti kubwa nazo juu, vya kila siku viko usawa wa mkono jirani na sinki, ili anayeosha akigeuka tu anapanga. Hii ya jirani na sinki ndo inayofanya vyombo visilale kwenye beseni, maana mtu akiona kabati liko mbali anasema nitapanga baadaye.

Vyakula vikavu nimeviweka kwenye makopo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, yale ya Kariakoo, marefu ya mraba siyo ya duara, ya mraba yanakaa ubavu kwa ubavu hayapotezi nafasi. Nunua yanayoonyesha ndani. Ila nisiwadanganye, kopo la kubana peke yake haliondoi fukusi wa mchele. Wale wanataga yai ndani ya punje huko shambani au ghalani, wewe unanunua mchele msafi kabisa wa Kyela unaufungia, baada ya wiki kadhaa unakuta wadudu wanatembea unasema kopo limetoboka. Halijatoboka, walikuja nao. Mimi mchele na maharage vikifika navigawa kwenye mifuko, vinakaa friza siku nne kwenye baridi kali kabisa, navitoa vinarudi joto la kawaida vikiwa bado vimefungwa ili visiloe, ndo vinaingia kwenye kopo. Unga wa dona sinunui mwingi, unakaa na kiini chake chenye mafuta kwa hiyo unachacha upesi kuliko sembe, na joto la Dar ndo usiseme. Na unga mpya siumwagi juu ya wa zamani, wa zamani uishe, kopo lioshwe, likauke kabisa.

Turudi kwenye kabati lenyewe. Masika imepita juu yake, bomba limevuja chini ya sinki tena, nimefuta na kitambaa yameisha. Halijavimba, halijanuka uvundo, mchwa hana cha kula. Mende wamepungua mno ila siyo kwa sababu ya aluminiamu peke yake, profaili zina uwazi ndani kama bomba na fundi akiacha ncha wazi mende wanaishi humohumo kwa raha. Mwambie azibe kila ncha kwa kifuniko chake au silikoni, na nyuma ya kabati na ukuta apige silikoni mstari mzima. Halafu nilidondosha dawa ya jeli vitone vidogo kwenye kona na karibu na bawaba. Ukitumia jeli usipulize dawa ya kopo hapo, ukipuliza unawafukuza wasile chambo. Na usiku sinki linafutwa likauke, maana mende akikosa chakula anavumilia ila akikosa maji hachukui muda.

Usafi wake ni mwepesi, maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, kitambaa laini, kisha kikavu. Stilwaya marufuku, inachubua, na ikishachubuka mafuta yanang'ang'ania hapo. Dawa kali za kung'arishia nguo na zile za kuzibulia mabomba nazo zisiguse, zinatia madoa aluminiamu. Juu ya jiko nafuta kila siku wakati bado pana vuguvugu, mafuta ya samaki yakishalala wiki yanakuwa gundi.

Kasoro zipo. Milango ina kelele, ukiibamiza inalia mpaka sebuleni, tukabandika vile vidoti vya mpira ikatulia. Alukobondi ikipigwa na kitu kizito inabonyea na haibonyoki tena, mtoto amegonga na baiskeli pana kishimo mpaka leo. Rafu ndefu inapinda katikati ukiweka sahani nyingi, lazima mwambie fundi apitishe profaili ya kushikilia chini yake, wangu alisahau moja na akarudi kuiweka. Na kinachokufa mapema siyo aluminiamu, ni bawaba na skrubu, hewa yetu ya pwani ina chumvi, skrubu za chuma cha kawaida zinashika kutu na kutu inachirizika kwenye rangi. Omba skrubu za stenles na ukazione kwa macho kabla hazijafungwa. Mi bawaba mbili tayari zinaonyesha wekundu, nitazibadilisha.

Muonekano nao, kama unapenda jiko lenye hisia ya mbao, hili halitakupa hiyo. Kuna profaili zenye michoro ya mbao lakini kwa karibu unaona ni rangi tu. Kwa nyumba ya kupanga nisingeshauri, labda mkubaliane na mwenye nyumba utaondoka nalo, kwa sababu linafungwa kwa skrubu linafunguka vipande likahamishika, ila kona za jiko jipya hazitalingana. Kwa aliyeko bara kwenye baridi kavu na ana mninga au mkongo wa bei nzuri karibu, achonge mbao tu.

Kuhusu fundi, alichelewa kupita tulivyokubaliana na simu akawa hapokei vizuri, lakini kazi aliyoleta imenyooka. Kilichonisaidia ni malipo. Nilitoa nusu ya kununulia vifaa tena kwa karatasi iliyoandikwa vipimo vyote na ile sentimita 70 nimeipigia mstari, robo siku ya kufunga, robo ya mwisho nikaishikilia mpaka nifungue kila droo ikiwa imejaa masufuria, nimwage maji kwenye sinki nione chini, na milango yote ifunge bila kusukumwa. Droo moja ilikwama. Aliitoa, akaitengeneza siku ileile, nikamlipa.