ASRock Z77 Extreme4: Ubao Mama wa Kuiongezea Kasi Core i5-2500K

Prosesa ya Core i5-2500K, iliyotolewa na Intel Januari 2011, bado ina wapenzi wake kwa sababu kizidishi chake cha kasi (namba inayozidishwa na mapigo ya msingi ili kupata kasi ya prosesa) hakikufungwa, na mwenye ubao unaofaa anaweza kuitoa kwenye gigahezi 3.3 za kiwandani hadi 4.4 au 4.5 kwa kutumia kipoza joto kizuri cha feni tu. Lakini prosesa hiyo hiyo ikiwekwa kwenye ubao wa chipuseti (chipu ya ubao inayounganisha prosesa na vifaa vingine) ya H67, au Q65 na Q67 zilizomo katika kompyuta za ofisi kama Dell OptiPlex 790 na HP Compaq 8200 Elite, zinazouzwa sana kwetu zikiwa zimeshatumika ng'ambo, herufi K iliyo mwishoni mwa jina lake haimfai mnunuzi kwa lolote, maana chipuseti hizo haziruhusu kizidishi kupandishwa.

Miongoni mwa zinazoruhusu ni P67, Z68 na Z77. Mbao za P67 hazitumii sehemu ya picha iliyomo ndani ya prosesa, na zile za mwanzo zina kasoro ambayo Intel yenyewe iliitangaza tarehe 31 Januari 2011: milango ya SATA (ya kuunganishia diski) ya gigabiti 3 kwa sekunde inaweza kudhoofika kadiri muda unavyopita. Anayeuziwa P67 aulize kama ni toleo la B3, ambalo lilirekebishwa. Z68 haina kasoro hiyo, ila Z77 ya mwaka 2012 inaongeza USB 3.0 ndani ya chipuseti, na ndiyo sababu naipendelea na kuchagua ubao wa ASRock Z77 Extreme4.

Katika kizazi hiki, kasi hupandishwa kwa kizidishi, kwani mapigo ya msingi ya megahezi 100 yamefungamanishwa na PCI Express (njia ya kadi za picha na nyinginezo) na SATA, na kuyasogeza kwa megahezi chache tu kwaweza kuyumbisha mashine nzima. Kwa hiyo, chipuseti ikishakubali, kinachotofautisha ubao na ubao ni namna unavyoilisha prosesa umeme. Kazi nzito inapoanza, volti hushuka. Zikishuka mno, kompyuta hujizima au huganda, na mtumiaji asiyejua huzidi kupandisha volti mpaka joto linamshinda. Extreme4, yenye mpangilio wa fezi 8+4 (saketi zinazogawana kazi ya kulisha umeme) na vipoza joto juu ya sehemu zake za umeme, ina mpangilio wa kuzuia mshuko huo katika ngazi tano, ya kwanza ikiwa kali kuliko zote. Mimi naona ngazi za katikati zinatosha kwa gigahezi 4.4, na sishauri ile ya kwanza kwa mashine inayotumika kila siku. Jambo jingine la kusifiwa ni kioo kidogo kinachoonyesha msimbo wa tarakimu mbili pale mashine inapokataa kuwaka, pamoja na vitufe vya kuwasha na kuanzisha upya vilivyo kwenye ubao wenyewe. Anayejaribu mipangilio mingi atavithamini mno.

Dosari zipo. Ubao huu ni mwembamba kuliko kipimo kamili cha ATX (ukubwa wa kawaida wa ubao mama), hivyo ukingo wa upande wa RAM hauna skrubu za kuushikilia na hupinda unapobanwa. Ni vyema RAM zipachikwe kabla ubao haujaingia kwenye kasha. PCI Express 3.0 inayotangazwa kwenye boksi haipatikani kwa 2500K, kwani huhitaji prosesa ya kizazi kilichofuata. Windows 11 nayo haiitambui rasmi prosesa hii, hata ubao uwe wa bei gani.

Sioni haja ya kulipa zaidi kwa mbao za daraja la juu za Z77, kwa sababu mara nyingi prosesa yenyewe au joto lake hufika kikomo kabla ya ubao huu. Fedha iliyobaki iende kwenye pawasaplai nzuri na kipoza joto kikubwa. Kwa kuwa ubao huu sasa hupatikana uliotumika, mnunuzi aombe kifuniko cha soketi (kikao cha prosesa) kiinuliwe na aikague kwa tochi: pini ziko upande wa ubao, na pini moja iliyopinda yaweza kuua njia nzima ya RAM. Muuzaji asiporuhusu, tafuta ubao mwingine.