Ununue Noah ipi ukiwa Mtwara? Mpangilio wangu kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho

Kila mwaka malipo ya minada ya korosho yakianza kuingia, simu yangu haitulii. Leo shemeji yuko Tandahimba, kesho jirani wa Chuno, na swali ni lile lile: "Mjomba, nichukue Noah ipi?" Wanauliza kana kwamba Noah, hili gari la familia la Toyota, ni moja. Hiyo ya 1996 na hii ya 2014 zimebaki na jina tu. Injini imekaa pengine, magurudumu yanayovuta ni mengine, hata fundi wa kukufaa si yule yule. Nimemiliki mbili na nyingine nyingi nimezisafiria, kwa hiyo naandika mpangilio wangu kwa familia ya huku kwetu, yenye watoto, bibi wa kupelekwa kliniki, magunia mawili matatu ya msimu na safari ya Dar mara chache kwa mwaka.

Namba moja: ya 2007 hadi 2013 (ZRR70)

Ukihesabu kuanzia ile ya 1996, hiki ni kizazi cha tatu cha Noah, na nduguye ni Voxy. Kwenye kadi angalia herufi ZRR70, au ZRR75 kwa inayovuta magurudumu yote manne. Injini ni 3ZR ya cc 1986. Naiweka juu kwa sababu mafuta yanapuliziwa kwenye njia ya hewa, kama kwenye gari za kawaida ambazo mafundi wetu wamezizoea. Hilo nitalieleza nikifika kwenye kizazi cha pili, maana ndiko nilikolipia somo.

Milango ya kuteleza iko pande zote mbili, siti za nyuma kabisa zinakunjwa pembeni, na magunia yanaingia bila kugombana na watoto. Barabara ya Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500, na gari hili linaimaliza bila kukuchosha mgongo.

Ugonjwa wake mkubwa ni giaboksi. Ni CVT, yaani giaboksi ya otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua, inayotumia haidroliki (mafuta ya giaboksi) yake maalumu. Ikimwagiwa haidroliki ya kawaida, gari linatembea vizuri wiki kadhaa, halafu linaanza kutetemeka ukiondoka kwenye taa, na hapo hesabu imeshakuwa ya giaboksi nzima. Fundi akikuambia haidroliki zote ni moja, chukua ufunguo wako. Zipo pia zenye mfumo wa Valvematic, unaobadili valvu za hewa zifunguke kiasi gani: zinabana mafuta vizuri, lakini kidhibiti chake kikifa ni ghali. Ukipata isiyo na mfumo huo, bodi ikiwa safi, ichukue hiyo.

Namba mbili: "old model" ya petroli (SR40 na SR50)

Najua wengi watashangaa. Ilitoka Oktoba 1996 na ikakoma 2001, kwa hiyo hata ile changa kabisa imeshavuka miaka 20. Lakini kama makazi yako ni Newala au Tandahimba, hii ndiyo gari ambayo fundi wa chini ya mwembe anaijua kwa kupapasa. Injini yake 3S ya cc 1998 ilifungwa pia kwenye Corona na RAV4 za mwanzo, kwa hiyo spea hazijawahi kuwa tatizo. Kwenye SR40 nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma, SR50 inavuta yote manne, na ikiwa na mzigo inapanda mlima kwa utulivu.

Injini iko chini ya siti za mbele; fundi ananyanyua siti ndipo aifikie. Yetu ya kwanza ilikuwa ya aina hii. Safari za mchana mama alikuwa anakunja kanga mara nne anaikalia, kwa sababu joto lilikuwa linapanda hadi mapajani. Mlango wa kuteleza ni mmoja tu, upande wa kushoto. Na kwa kuwa rejeta iko mbele na injini nyuma yake kidogo, mabomba ya maji ni marefu; yakivuja kidogo tu, gari linachemsha. Kila asubuhi angalia maji, usisubiri mshale upande. Ya dizeli sikushauri kabisa: zinachemsha haraka, na silinda hedi inapasuka.

Namba tatu: ya 2014 na kuendelea (R80)

Sakafu imeshushwa, na bibi anapanda bila kushikwa mkono. Ipo ya petroli ya cc 1986, na ipo ya haibridi yenye injini ya cc 1797 inayotumia mafuta kidogo sana kwenye foleni. Foleni gani Mtwara? Faida yake inaonekana zaidi kwa mtu wa Dar. Ya petroli ni nzuri sana, na bei yake ingeshuka kidogo ningeipandisha hadi namba moja. Ya 2022 nimeipita, kwani bei yake bado si ya mtu wa kawaida.

Namba nne: ya 2001 hadi 2007 (AZR60)

Hii ndiyo iliyonifundisha. Ndiyo ya kwanza kuvuta kwa magurudumu ya mbele na kuwa na milango ya kuteleza pande zote mbili, na kwa umbo bado inavutia. Bei yake sokoni ni ya kati, kwa hiyo ndiyo dalali atakayokuonyesha kwanza. Ukifungua boneti utakuta maandishi D-4 juu ya injini. Maana yake mafuta yanapuliziwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa pampu ya presha kubwa. Pampu hiyo na nozeli zake hazivumilii mafuta machafu. Na kwa kuwa petroli haipiti kwenye valvu za kuingizia hewa, hakuna cha kuzisafisha, masizi yanajijenga humo mwaka hadi mwaka.

Tulikuwa tunampeleka mama mkwe Dar. Tukajaza mafuta kwenye sheli moja njiani baada ya Lindi, na kabla ya kufika Nangurukuru taa ya injini ikawaka, gari likakosa nguvu, mlima mdogo tu likaupanda kwa kutambaa. Mama mkwe alimalizia safari kwa basi. Fundi alipofungua njia ya hewa, tundu linaloweza kupitisha vidole vitatu lilibaki la kidole kimoja, masizi yamegandamana kama lami. Kusafisha na kubadili pampu kulikula akiba ya ada ya mtoto.

Kama umeshainunua, usiiache tanki likauka, badili filta ya mafuta mapema, na mwambie fundi asafishe njia ya hewa kabla haijadai. Kama hujanunua, ongeza hela kidogo uende ZRR70.

Namba tano: Alphard

Hii si Noah, ni gari kubwa zaidi la familia la Toyota, lakini nalo huulizwa. Kwa starehe ya barabarani Alphard iko juu ya zote. Ya kwanza ilitoka 2002, ya pili 2008, na nyingi tunazoziona zina injini ya cc 2362. Kwa kuwa imevuka cc 2000, ushuru wa bidhaa unakuwa mkubwa kuliko wa Noah ukiagiza Japani. Gari likishatimiza miaka 8 kuna ushuru wa uchakavu, na likivuka 10 unazidi, kwa hiyo piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA (mamlaka ya mapato) kabla hujamtumia mtu hela. Ni nzito, inakunywa, na bushi zake hazipendi makorongo. Nyingi za mkononi zimetoka kwenye kazi ya mchomoko, yaani kubeba abiria wa safari za mikoani. Hata ikiwa na namba E ya usajili wa karibuni, siti na bushi zitakuambia ukweli.

Kabla hujatoa hela

Huku pwani chumvi inakula bodi kimya kimya. Gari lililolala Shangani au Msimbati, fungua mlango wa kuteleza, pitisha kidole kwenye reli ya chini. Kikitoka na mchanga wenye unga wa kutu, nyanyua kapeti la pembeni uone bati. Hata la kutoka Japani lichungulie chini, hasa la magurudumu manne, kwani mikoa yao ya theluji humwaga chumvi barabarani.

Tangu mafuriko ya Mei 2024 yalipokata barabara pale Somanga, najihadhari na gari lililopita majini. Vuta mkanda wa siti ya nyuma hadi mwisho wake. Mstari wa tope kwenye kipande kile ambacho huwa hakitoki, basi maji yalifika hapo, hata kama siti zimeoshwa zinanukia.

Kisha liendeshe hadi Mikindani na kurudi, AC imewashwa, familia nzima imo ndani. Ukirudi liache likiunguruma dakika kumi mlangoni kwa muuzaji, lisogeze mbele hatua tatu, uiname uangalie pale lilipokuwa limesimama kama kuna tone lolote zaidi ya maji ya AC.