Niliowakuta katika ofisi ya ushauri wa sera za jamii: tathmini ya mteja

Umoja wetu unajumuisha vikundi 14 vya wajasiriamali wenye ulemavu katika mkoa wa Morogoro: mafundi cherehani, mafundi viatu, wauza mboga, watengeneza sabuni na wafuga kuku. Kati ya Septemba 2024 na Februari 2025 tuliipa kazi ofisi moja ya ushauri wa sera za jamii na uchechemuzi, yaani kazi ya kuwashawishi wenye mamlaka, kutoka Dar es Salaam, ichunguze jinsi halmashauri yetu inavyotekeleza mikopo ya asilimia 10, kisha ituandae kuzipeleka hoja zetu mbele ya madiwani. Jina la ofisi hiyo silitaji, kwa sababu sehemu ya ninayoyaandika ni lawama, na kwa sababu ninachotaka viongozi wenzangu wa vyama vidogo wakifahamu kinahusu watu wanaotumwa na ofisi za namna hii kuliko ofisi zenyewe. Ubora wa kazi tuliyopokea ulipanda na kushuka kwa kufuata nani aliyeishika siku hiyo.

Kwa wasioifahamu mikopo hiyo, kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake, asilimia 4 ya vijana na asilimia 2 ya watu wenye ulemavu. Serikali iliisimamisha Aprili 2023 ili kurekebisha utaratibu wa utoaji, na ilirejeshwa mwaka 2024. Sisi tuliamini kwamba asilimia 2 yetu haitufikii kikamilifu, lakini tulikuwa tumekwisha kujifunza, kwa kurudishwa mlangoni mara kadhaa, kwamba afisa hajibu malalamiko ya jumla. Hujibu takwimu na kifungu. Ndipo tukaomba ruzuku ndogo na kuandika hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi tuliyotaka mshauri atufanyie.

Andiko la ofisi hiyo lilikuja na wasifu wa wataalamu watano. Aliyetuvuta zaidi, nakiri, ni kiongozi wa timu, mtu mwenye miaka mingi katika masuala ya hifadhi ya jamii na orodha ndefu ya kazi alizozifanyia wizara na mashirika ya kimataifa. Alikuja katika kikao cha kwanza, akazungumza kwa ufasaha na unyenyekevu, akajibu maswali yetu yote, akaondoka jioni ileile. Hatukumwona tena hadi siku ya kuwasilisha ripoti, ilhali mchanganuo wa gharama ulimwandikia siku 12 za kazi, nyingi kati ya hizo zikiwa za Morogoro. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba aliisimamia kazi akiwa ofisini. Sina sababu ya kukataa kwamba alizisoma rasimu, lakini fedha za umoja wa watu wanaouza mchicha hazikupaswa kulipia siku za uwandani ambazo mhusika hakuwapo uwandani. Hili ndilo kosa kubwa la ofisi hiyo, na linaniuma hadi leo.

Aliyeibeba kazi ni mtafiti mwandamizi, mwanamke aliyewahi kuwa afisa ustawi wa jamii kabla ya kuingia katika ushauri. Jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kuikataa ratiba ya ofisi yake mwenyewe. Ratiba iliweka mahojiano ya mitaani mwezi Novemba; yeye akatukumbusha kwamba Novemba 27 ni uchaguzi wa serikali za mitaa, kwamba wenyeviti wa mitaa wangekuwa kwenye kampeni, na kwamba kundi la wageni linalouliza habari za mikopo ya serikali wakati huo lingeeleweka vibaya. Kazi ikavutwa nyuma hadi wiki mbili za Oktoba. Kama hakuwapo yeye, naamini tungepoteza mwezi mzima na pengine imani ya watu wetu pia.

Namna alivyosikiliza ndiyo iliyonifanya niketi kuandika tathmini hii. Tumezoea watafiti wanaofika na dodoso, wanaouliza namba 1 hadi namba 46 na kuondoka kabla chai haijapoa. Yeye alifika kwenye kikundi cha mafundi cherehani, akawaamkia wazee mmoja mmoja, akakaa kwenye mkeka, na dodoso likabaki ndani ya mkoba kwa muda wa saa nzima. Swali lake la kwanza kwa mwenyekiti wa kikundi, mama wa miaka zaidi ya sitini, lilikuwa hili: “Mama, siku fedha zilipoingia kwenye akaunti ya kikundi, kitu cha kwanza mlichofanya ni nini?” Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Mwanangu, tulilia. Zilikuja Machi, na sare za shule zinauzwa Januari.”

Katika jibu hilo palikuwa na utafiti wote. Kikundi kile kiliomba mkopo, kabla haujasimamishwa, ili kinunue vitambaa na kushona sare kabla shule hazijafunguliwa. Maombi yalipita kwa mtendaji wa kata, yakaenda kwa afisa maendeleo ya jamii, yakasubiri kamati, yakarudishwa kwa kukosa muhuri mmoja, na fedha zilipotoka msimu ulikuwa umekwisha. Walilazimika kuanza marejesho kwa bidhaa zisizokuwa na mnunuzi, na katika daftari la halmashauri wakaingia kama wadaiwa sugu. Kwa miaka mingi tumesikia ikisemwa vikaoni kwamba watu wenye ulemavu hawarejeshi mikopo. Mtafiti huyu alikwenda katika vikundi vyote 14, akaandika tarehe ya kuomba, tarehe ya kupokea na msimu wa biashara ya kila kikundi, akaonyesha kwamba vikundi vilivyochelewa kurejesha ni vilevile vilivyopokea fedha nje ya msimu. Sisi wenyewe, tunaoishi na watu hao, hatukuwahi kuziweka tarehe hizo mahali pamoja.

Mchambuzi wa bajeti alikuwa kijana, na huenda ndiye mdogo kuliko wote kwa umri na cheo. Alitufanyia jambo ambalo si kila mshauri anayelipwa na mteja angethubutu kulifanya: alituambia kwamba tumekosea. Tulikuwa tumejiandaa kudai kwamba halmashauri imetenga chini ya nusu ya kiwango cha sheria, kwa sababu tulichukua mapato yote ya ndani tukayagawa kwa kumi. Alituketisha jioni nzima, akatufafanulia kwamba hesabu hufanywa baada ya kuyaondoa mapato lindwa, yaani fedha ambazo zimekwisha kupangiwa matumizi maalumu, mfano wake zikiwa fedha za uchangiaji wa huduma za afya. Alipoyaondoa, pengo likapungua sana. Wajumbe wetu wawili walikasirika wakidhani amenunuliwa. Yeye hakupandisha sauti. Alifungua kitabu cha bajeti, akaonyesha kila kasma, yaani kila fungu la fedha, kwa kidole, akasubiri mpaka kila mmoja aisome mwenyewe, na kwa mjumbe asiyeona akazisoma tarakimu polepole mara tatu. Kisha akatuonyesha pengo la kweli, ambalo sisi hatukuwa tumeliona: fedha zilizotengwa zilikuwa karibu sawa na kiwango, ila zilizotolewa hasa kwa vikundi vya watu wenye ulemavu zilikuwa pungufu mno. Hoja yetu ikabadilika kutoka kwenye kutenga hadi kwenye kutoa. Laiti tungekwenda mbele ya madiwani na hesabu ya kwanza, mweka hazina angetubomoa kwa dakika tano, na mlango huo usingefunguka tena kwa miaka.

Kuhusu mkalimani wa lugha ya alama, lawama ni ya ofisi na si yake. Walimkodi mmoja kwa siku moja, kwa kikao cha kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Yeyote anayeijua kazi hiyo anajua kwamba wakalimani hufanya kazi wawili wawili na kupokezana kila baada ya muda mfupi, maana akili huchoka kabla ya mikono. Kufikia alasiri mkalimani wetu alikuwa akiruka sentensi nzima, na wanachama viziwi walianza kutazamana. Ofisi inayojitangaza kuwa ya utetezi wa haki za kijamii haikupaswa kusubiri ikumbushwe jambo hilo, hasa katika nchi iliyoridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu tangu mwaka 2009 na yenye sheria yake ya mwaka 2010. Mtafiti mwandamizi aliliona, akaahirisha sehemu iliyobaki, na wiki iliyofuata wakaja wakalimani wawili.

Ripoti ya mwisho ililetwa kwa Kiingereza, kurasa zaidi ya 60, ikiambatana na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa 4. Muhtasari huo uliandikwa na mtu wa mawasiliano ambaye hakuwahi kufika Morogoro, na ulionyesha hivyo: sentensi zake zilikuwa za kutafsiriwa, zimejaa “ujumuishi” na “uwezeshaji”, na mafundi cherehani hawakuonekana humo hata kwa mstari mmoja. Baraza la madiwani huendesha vikao vyake kwa Kiswahili, na wanachama wetu wengi hawasomi Kiingereza. Ripoti hiyo ilikuwa ya nani? Tuliirudisha. Baada ya siku tisa mtafiti mwandamizi alituletea kurasa 11 alizoziandika upya mwenyewe, zenye jedwali la tarehe, hesabu ya kijana wa bajeti na maneno ya mama wa sare. Hizo ndizo tulizowapa madiwani.

Katika uchechemuzi wenyewe walifanya vizuri. Walijua kwamba kamati ya fedha hukutana kabla ya baraza la bajeti na kwamba hoja inayofika baada ya hapo hubaki kwenye faili, kwa hiyo walitusukuma tuombe nafasi mapema Januari. Walitufundisha kuomba nyaraka chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, kwa barua yenye tarehe na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Siku ya kikao walikataa kuzungumza. Mwenyekiti wetu anatumia kiti cha magurudumu, na ukumbi uko ghorofani; vijana wawili walimpandisha mbele ya macho ya madiwani wote, naye akazungumza kwa dakika 15 bila kusoma karatasi, wakati washauri wameketi viti vya nyuma. Kamati ilikubali maombi yapokelewe kwa kufuata msimu wa biashara, na iliagiza taarifa ya utoaji wa asilimia 2 iwasilishwe kila robo mwaka. Taarifa ya kwanza tumekwisha kuipata.

Kwa chama kinachofikiria kuajiri ofisi ya aina hii, ningesema mkataba utaje kwa jina mtu atakayekuwa uwandani, si kiongozi peke yake, na malipo ya siku za uwandani yafuate daftari la mahudhurio. Sisi tulilipa nusu mwanzoni, na hilo lilitunyima nguvu ya kudai.

Awamu ya pili tumeanza kuijadili nao, kwa ajili ya baraza jipya lililopatikana baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025. Hadidu za rejea zimeongezeka ukurasa mmoja: majina, siku za kila mmoja, wakalimani wawili kwa kila kikao, na rasimu ya kwanza kwa Kiswahili. Mtafiti mwandamizi amekubali na ametia saini. Kijana wa bajeti yuko masomoni hadi Julai, nasi tumeomba sehemu yake ya kazi imsubiri.