Ikulu ya Quirinale, Roma: ziara ya senti chache, historia ya karne nne

Kuingia Ikulu ya Italia si ghali, ila utaratibu hauna mchezo. Ziara fupi ya dakika 80 hivi hutozwa yuro 1.50 tu ya kuweka nafasi. Ile ndefu, ya saa mbili na nusu, huongezewa bustani, magari ya farasi na vyombo vya mezani kwa yuro 10 zaidi. Bei hubadilika, kwa hiyo tazama kwanza tovuti ya Ikulu. Weka nafasi angalau siku tano kabla. Jumatatu na Alhamisi hakuna ziara. Mlangoni hukaguliwa kitambulisho kilekile ulichojiandikishia. Ukitumia pasipoti kisha ukaiacha hotelini, usitegemee huruma.

Waongozaji ni wa kujitolea pamoja na wanafunzi wa vyuo vikuu, na maelezo kwa kawaida ni ya Kiitaliano. Asiyejua lugha aende na historia kichwani, vinginevyo ataona dari za dhahabu tu.

Jengo lilianza 1583, Papa Gregori XIII alipotaka makao ya kiangazi kilimani, mbali na joto la bondeni. Mapapa walilishikilia hadi 1870: Roma ilipotekwa na jeshi la Ufalme wa Italia, watu wa Papa Pio IX waligoma kutoa funguo, akaitwa fundi wa kufuli kufungua milango. Wafalme wa Italia, wa ukoo wa Savoia, wakakaa humo mpaka kura ya 2 Juni 1946 ikaufuta ufalme. Enrico De Nicola, mkuu wa kwanza wa jamhuri, hakuhamia. Aliyeingia ni Rais Luigi Einaudi, 1948. Katikati ya yote hayo Napoleon aliamuru jumba liandaliwe kwa ajili yake, ukumbi mrefu wa Papa Aleksanda VII ukakatwa vyumba vitatu, na mwenyewe Roma hakukanyaga kamwe.

Chumba cha kukuchelewesha ni Salone dei Corazzieri, ukumbi wenye jina la walinzi wa rais. Inua macho hadi chini ya dari: mabalozi waliochorwa 1616 na 1617 wameegemea roshani za kuchorwa tu, mazulia yakining'inia, wakikutazama wewe. Kati yao umo ujumbe wa Ufalme wa Kongo, Afrika. Balozi wake, Antonio Manuel Ne Vunda, alifika Roma Januari 1608 akiwa mgonjwa hoi. Papa Paulo V alimtembelea kitandani, naye akafa siku chache baada ya kuwasili. Usingoje kuonyeshwa, kundi halisimami sana hapo.

Jirani ni Kanisa la Paolina, lenye vipimo sawa na Kanisa la Sistina la Vatikano. Mapapa wanne walichaguliwa katika jumba hili, wa mwisho akiwa huyohuyo Pio IX, 1846.

Kwa mpenda historia, ziara fupi yatosha. Ndefu ni ya wapenda kauri na magari ya farasi. Kama shida yako ni bustani peke yake, zamani ilikuwa ikifunguliwa kwa umma wote alasiri ya 2 Juni, Siku ya Jamhuri; tazama kwanza tovuti ya Ikulu.