Mpira wa meza: ubingwa wa timu au wa mchezaji mmoja mmoja?

Sisi wa Mombasa tulipata sababu ya ziada ya kuyafuatilia mashindano ya dunia ya mpira wa meza ya mwaka 2023, kwa kuwa yalifanyika Durban, bandari nyingine ya Bahari ya Hindi. Hayo yalikuwa ya wachezaji binafsi, ambapo mshindi wa mechi ni yule anayetangulia kufikisha seti nne. Katika fainali ya wanaume Fan Zhendong alimshinda Wang Chuqin, na katika ile ya wanawake Sun Yingsha akamshinda Chen Meng. Wote wanne ni Wachina, jambo ambalo, kusema kweli, liliipunguzia fainali ladha.

Ubingwa wa timu, unaoshindaniwa mwaka mwingine, una utamu wa aina yake, kwa sababu pambano moja huwa na michezo isiyozidi mitano, na kocha hulazimika kupima nani atangulie na nani abakizwe mwisho. Mjini Busan, Korea Kusini, mwaka 2024, Japani iliongoza 2–1 katika fainali ya wanawake kabla ya Sun Yingsha kusawazisha na Chen Meng kumaliza kazi, China ikatwaa kombe kwa 3–2. Kwa wanaume, China iliilaza Ufaransa 3–0.

Atakaye kuona ustadi wa mtu mmoja na atazame mashindano ya binafsi. Mimi, niliyezoea kelele za mashabiki barazani, nachagua timu.